Baba Mkwe Kwenye Kiti cha Kondoo

Jumamosi

Ningemwambiaje? Nani duniani anaweza kumwambia baba mkwe wake, "Baba, inuka, hicho ni kiti cha kondoo"?

Kosa langu ni kukiacha uani, kimeegemea ukuta. Ni fremu ya chuma yenye wavu katikati. Unamkalisha kondoo kitako, anazama, miguu inabaki hewani, anatulia tuli mpaka umalize kumkata kwato. Hapa Durban wafugaji wenzangu wanakijua. Mzee kafika juzi kutoka Tanga, atakijulia wapi?

Nilitoka na mkasi wa kwato nikamkuta keshazama, magoti yamekaribia kidevu.

"Mkwe," akasema, "kiti hiki kinajua mgongo wa mtu mzima."

Eish. Mke wangu alichungulia dirishani, akaziba mdomo kwa kanga, akatoweka. Binti yake wa kumzaa! Kondoo naye alisimama pembeni akimkodolea mzee macho, kama mtu aliyeporwa zamu yake kwa kinyozi.

Mzee alijaribu kuinuka, akashindwa, akajifanya anajinyoosha. Nami nikajifanya nimeamini.

Nikawa nawaza nitamtoaje bila kumkumbatia kifuani kama ninavyomtoa kondoo. Ndipo akauona mkasi mkononi mwangu. Uso ukamchanua, akaninyooshea mguu.

"Umefanya vizuri kuuleta, mwanangu. Anza na kidole gumba."

Nimemkata kucha zote, miguu yote miwili. Na kusema kweli, katulia kuliko kondoo.