Bamia Zisizokorogwa

Tumaini mjukuu wangu,

Hujambo huko Dodoma? Mama yako mguu umepona? Mimi sijambo, ila kontena la nguo zangu bado halijapakiwa melini kwenye bandari ya Kichina ya Huangpu. Leo nimeshampigia wakala mara sita. Sasa hapokei.

Umeniuliza nilijifunza wapi kupika bamia zisizovuta, maana Jumamosi unawapikia wakwe. Nilijifunza Arusha, nikiwa msichana wa kazi kwa Mama Eleni, Mgiriki mwenye shamba la kahawa. Kwaresima nyama hawakugusa, kwa hiyo bamia ndizo zilizokuwa chakula chenyewe: nyanya, vitunguu, mafuta ya zeituni mengi, na mkate. Siku moja alizipanga sufuriani, akaniambia nizitazame tu, akatoka.

Kutazama! Mimi, binti wa Kigogo? Nilichukua upekecho, nikazipekecha kama mlenda wa nyumbani mpaka zikavuta vizuri. Nikajisifu.

Mama Eleni akarudi na wageni, akafunua sufuria, akapakua hivyo hivyo. Walikula mlenda kwa mkate. Kesho yake alipika upya, akaniwekea kiti mbele ya jiko.

"Kalia mikono yako," akasema.

Nilikaa hivyo saa nzima, miguu ikinicheza. Bamia zikaiva nzima nzima, kila moja na umbo lake.

Basi, ziroweke kwanza kwenye siki na chumvi, zipange, moto mdogo, usiziguse.

Hapa chumbani kwangu, mtaa wa Sanyuanli, nami nimebandika zangu. Simu iko mezani. Naandika kwa mkono mmoja, Tumaini. Ule mwingine nimeukalia.

Bibi yako