Keria ya Nyati Imenyamaza

Kanyakine, Jumapili baada ya kanisa

Baba,

Sikuuza. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tumekula. Nyati, gari lako, yuko hapa uani na keria yake ya mizigo juu ya paa, miguu yote sita ya keria imekazwa. Anko Kirimi hanisemeshi. Leo kanisani alinipa mkono kama mtu anayeshika sufuria ya moto, akatazama pembeni. Haidhuru. Mdogo wako atazoea.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Mwezi huu niliacha kazi ya duka la vifaa vya ujenzi kule Embu, nikarudi nyumbani nishike kazi yako ya kukodisha mahema na viti. Wengi walisema nimechanganyikiwa. Anko Kirimi alisema mbele ya watu, "Kendi, hii ni kazi ya mwanaume. Utapanda juu ya gari na sketi?" Nilimjibu kwa upole, kama ulivyonifundisha kujibu wakubwa, kwamba nina ovaroli. Ovaroli yako, Baba, ile ya bluu. Niliikunja miguu mara mbili.

Lakini si Anko aliyetaka kunishinda. Ilikuwa ile sauti.

Unaijua mwenyewe. Nyati akifika kilomita sitini kwa saa keria inaanza kulia, kwanza chini chini, halafu inapanda mpaka inakuwa kama mtu anapuliza chupa ndani ya sikio lako. Tulikucheka miaka yote. Tulisema baba yetu anaendesha filimbi. Nawe ulisema, "Gari la kazi halinong'oni." Mama alikuwa akiisikia tangu ile kona ya shuleni, anaweka chai motoni, na ukizima injini chai iko tayari.

Siku ya kwanza niliporudi na Nyati baada ya mazishi, nilikuwa nimepeleka viti Nkubu. Niliingia uani nikamkuta Mama jikoni, maji yanachemka, vikombe viwili mezani. Aliniona nikishuka. Akakaa akinitazama kama hanijui. Kisha akatoa sufuria motoni, akatoka nje, akayamwaga maji yote kwenye migomba.

Mara ya tatu nilipoingia na Nyati aliniambia, "Kendi, uza hiyo gari. Mimi siwezi kuisikia ikija na si yeye."

Anko Kirimi hakungoja. Alipiga simu palepale, akapata mnunuzi wa Kianjai, wakapatana aje Jumamosi. Kitabu cha gari sasa kina jina la Mama, kwa hiyo neno lilikuwa lake. Kuitoa keria na kubaki na gari hakungesaidia. Nguzo za hema hazitoshei ndani, na bila hema unajua mwenyewe hakuna kazi. Nikamwomba Mama anipe hadi Jumamosi. Nikiweza kuinyamazisha keria, Nyati abaki. Nisipoweza, nitampa mnunuzi funguo kwa mkono wangu.

Mama akasema, "Baba yako alishindwa miaka hii yote."

Niliudhika, Baba. Niliudhika kwa niaba yako.

Jumatatu nilipanda juu na spana. Uliniambia nikiwa darasa la sita: kaza mpaka nati iseme, halafu ongeza robo. Niliongeza robo, nikaongeza nyingine, na nyingine, kwa hasira, nikimfikiria Anko. Ile kingo ya paa inayopitisha maji ya mvua ikajikunja upande wa dereva. Nilikaa pale juu nikiitazama. Nilisikia vile ungevuta pumzi puani. Basi nikafungua miguu yote sita, nikainyoosha kingo kwa nyundo ya mbao, nikakata tyubu ya baiskeli na kuweka kipande chini ya kila mguu ili chuma kisiguse chuma, nikakaza upya, mara hii nikisikiliza. Nilienda Nkubu na kurudi. Kule kugongagonga kuliisha kabisa. Mluzi ulikuwa palepale, tena ukisikika vizuri zaidi.

Jumatano nikaenda Majengo kwa Fundi Salim, maana ndiye aliyeichomelea keria. Alikuwa mlangoni pa karakana yake akinywa chai. Aliponiona alicheka. "Wee binti Mutuma! Umemvaa baba yako mzima mzima." Kisha akasema pole kwa mara nyingine, akapanda juu. Akagonga mabomba ya keria moja moja kwa spana, akatia kidole kwenye mdomo wa bomba.

"Haya yote yako wazi pande mbili," akasema. "Upepo unaingia, unapiga filimbi. Nilimwambia siku ileile, Mzee Mutuma, nizibe? Akakataa. Nikamwambia tena mwaka uliofuata. Akaniambia, wacha ilie, Salim, Mama Kendi ajue nimefika, nisikute jiko baridi."

Nilishika mlango wa gari.

Kumbe hukushindwa. Miaka yote hiyo tulikucheka, na wewe ulikuwa unajua tundu lilipo. Ungetuambia, Baba. Mbona hukutuambia? Ulikaa tu nyuma ya usukani ukitabasamu, tukidhani hukujua.

Salim akauliza, "Sasa? Tunaziba ama tunawacha?"

Sitakuficha, nilitaka kuiacha. Nilitaka kukimbia nyumbani nimwambie Mama kwamba ule mluzi ulikuwa wake. Labda angeupenda. Halafu nikayakumbuka yale maji yakienda kwenye migomba. Ile sauti ilikuwa ya mtu anayefika. Wewe hufiki tena. Na mimi sitakubali kumpigia Mama mluzi wako kila jioni mpaka azeeke.

Nikasema, "Tunaziba."

Unakumbuka patipati zako za bluu, ndara zile ulizovaa ukitoka kuoga? Anko Kirimi alipokuja kugawa nguo zako, koti lilipata mtu, viatu vya kanisani vilipata mtu. Patipati hazikutakwa na yeyote, zikabaki mlangoni pa jikoni. Nilikuwa nimezibeba kwenye gari, sijui kwa nini. Nikaomba kisu cha Salim, nikakata viduara, kimoja kwa kila mdomo wa bomba. Mpira wa patipati ni mzuri, unajibana wenyewe ndani, ukitia gamu hautoki. Salim akanionya nisizibe kila kitu: "Toboa katundu kadogo chini, kule nyuma, maji yatoke. Hutaki kutu." Kisha akanipa kamba ya katani, nikaizungusha kwenye bomba la mbele kutoka mwisho hadi mwisho, kama mtu anayefunga bendeji. Alisema upepo ukikuta bomba laini unaimba, ukikuta kamba unakatika.

Ijumaa nilikuwa na kazi ya harusi Embu. Nilipakia hema mbili, nikateremka. Sitini. Sabini. Nilishusha kioo nihakikishe. Nikasikia indiketa ikibisha, kitu ambacho sijawahi kusikia ndani ya Nyati tangu nizaliwe. Nililia karibu na Chuka, lakini sikusimamisha gari. Watu wa harusi walikuwa wananingoja.

Niliporudi Mama alikuwa shambani kwa maharagwe, amenipa mgongo. Hakugeuka mpaka nilipokuwa langoni.

"Ni nani huyo?"

"Ni Kendi, Mama."

Alikuja na jembe lake mkononi. Alilizunguka gari lote, akashika kamba, akabonyeza mpira mmoja kwa kidole cha gumba. "Hizi si zile patipati?" Nikasema ndizo. Nikamwambia na aliyosema Salim, yote, neno kwa neno. Nilidhani atalia. Alicheka, Baba! Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mjinga yule," alisema. "Mjinga yule. Si angeninunulia simu tu."

Halafu ndipo akalia. Nilimshikia jembe.

Jana Jumamosi Anko Kirimi alifika na mtu wake wa Kianjai. Mama alisimama mlangoni. "Karibuni chai. Gari hatuuzi."

Anko akapandisha sauti. "Shemeji, huyu mtu ametoka Kianjai!"

"Ndiyo maana nimepika chai. Wa karibu ningempa maji."

Yule mnunuzi, mtu mzuri tu, alikunywa vikombe viwili na kuniuliza hiyo kamba nimeizungusha vipi, maana gari lake nalo linapiga mluzi. Nilimwonyesha. Anko aliondoka akisema tutamwita siku kazi ikitushinda. Hatutamwita.

Kwa hiyo nimekuasi, Baba. Kitu ulichokiacha wazi kwa makusudi nimekiziba kwa makusudi, na sitakuomba msamaha. Ungekuwa hai ningekiacha kilie mpaka bati la paa litoboke. Lakini ulienda. Sisi tuliobaki lazima tuishi na masikio tuliyo nayo.

Wiki ijayo napaka mlango wa Nyati rangi. Jina lako lililoandikwa hapo halitoki, nakuahidi, hata Nyati akibadilishwa mlango nitaliandika upya. Langu nitaliandika chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule. Nitapanda kila kilima ulichopanda, na vile viwili vya huko juu ulivyosema havipandiki mvua ikinyesha, nitavijaribu pia.

Pumzika, Baba. Mama hajambo. Nami unikumbuke.

Binti yako,
Kendi