Punje Iliyolala Kushoto

Tarehe 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba goti lako limeacha kulalamika kila unapopanda ngazi. Mimi sijambo, ila shingo imekakamaa kwa kukaa mbele ya kompyuta. Ningekupigia simu, lakini nakujua. Kwenye simu unasema "sawa, sawa" kisha unamkabidhi Mama. Kwenye karatasi ndiko unakoongea.

Nina habari, na sijui kama ni nzuri. Kazini nimepewa nembo ya Punje niichore upya. Ndiyo, Punje hii hii, sarafu ya kidijitali ambayo siku hizi mtu ananunulia mkate kwa kubonyeza simu. Lile duara la kijani lenye punje ya njano katikati, pamoja na vivuli na ming'ao yake yote, likiwa dogo kwenye kioo cha simu linaonekana kama tone la mchuzi kwenye shati. Meneja wangu anataka nembo ionekane mpya, lakini mtu asiulize hii ni nini. Kampuni nyingine ilibadilisha ya kwake mwaka juzi, wateja wakadhani matapeli wameingia, wakashinda kwenye foleni wakitoa fedha zao. Basi meneja roho iko juu, na mimi ndiye nimeambiwa niishushe.

Sasa sikiliza linaloniuma. Nembo mpya ikitoka, maduka yote yatabandikwa mabango ya plastiki, na kuta zilizochorwa kwa mkono zitapakwa rangi nyeupe. Kuta sitini na moja za mji wetu umezichora wewe, moja baada ya nyingine, kwa miaka tisa. Watu hawakukuita Fundi Hakosei kwa kukutania. Na mimi niliyejifunza kushika brashi nikiwa nimekaa juu ya kopo lako la rangi ndiye nitakayezifuta. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wakala wa Punje wa huko mjini.

Msalimie Mama sana.

Kitindamimba wako


Tarehe 19 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba mwanangu. Sisi hatujambo. Goti limeacha kulalamika kwa sababu nimeacha kulisikiliza. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula, au unatazama tu picha za chakula kwenye hiyo kompyuta.

Habari ya kuta nimeipata. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: imeniuma. Niliposoma niliweka barua chini nikaenda kuosha brashi ambazo tayari zilikuwa safi. Lakini ukuta ni wa mwenye duka, si wangu. Mimi pia nimefuta mabango ya mafundi wenzangu, na hakuna aliyenishtaki. Fanya kazi yako bila kunionea huruma. Ila ifanye vizuri, maana nikifutwa na kitu kibaya nitakasirika kweli.

Nikufundishe jambo ambalo chuoni hawakukufundisha. Mwenye duka akitaka bango jipya bila kupoteza wateja, mimi silitazami bango. Nalifunika kwa gunia, nawapa wapita njia kipande cha mkaa na ubao, nawaambia wanichoree kilicho chini ya gunia. Wanacheka, wanasema hawajui kuchora, kisha wanachora. Wanachokisahau wote, kifute. Wanachokikumbuka wote, hata kama wanakichora vibaya, usikiguse. Wala usiwaulize wanapenda nini. Mtu akiulizwa anapenda nini anakuwa mtaalamu papo hapo, na hutamaliza naye.

Nguo za baridi unazo? Mama yako amesimama hapa mgongoni akitaka niandike hilo.

Baba yako


Tarehe 23 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na nguo za baridi ninazo, mwambie Mama. Nyinyi hamjambo?

Gunia lako limefanya kazi. Tuliwapelekea mawakala wa miji saba karatasi tupu, kila mteja achore nembo ya Punje bila kuchungulia simu. Zimerudi karatasi mia tatu na kumi na mbili. Mmoja amechora kitu kinachofanana na yai la kukaanga akaandika chini "samahani". Nimezitandaza sakafuni kwenye chumba cha mikutano, nikavua viatu na kutembea katikati yake siku mbili nzima. Hakuna aliyekumbuka vivuli. Hakuna aliyekumbuka ming'ao wala vile vinyota vitatu ambavyo kampuni ilivilipia mtaalamu. Wote wamekumbuka duara la kijani na punje ya njano. Meneja alisimama mlangoni akatikisa kichwa, akaniuliza mbinu hii nimeitoa kitabu gani. Nikamwambia ni ya nyumbani.

Ila kuna jambo linanichanganya. Punje kwenye nembo imelala kulia, na miji sita imeichora hivyo. Mji wetu umerudisha karatasi arobaini na sita, na katika hizo, arobaini na tatu zina punje iliyolala kushoto. Meneja anauliza kama sisi wote tunaandika kwa mkono wa kushoto. Wewe umeichora nembo hii kuliko mtu mwingine yeyote. Unadhani ni kwa nini?

Wasalimie wote.

Kitindamimba wako


Tarehe 20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki nne sasa hujajibu. Nimempigia Mama, anasema unakula, unalala, na juzi ulikuwa juu ya ngazi kwenye duka la dawa ukitazama ukuta bila brashi mkononi. Nilipomwuliza una nini akasema, "Mwulize mwenyewe, mimi simo." Mama kusema hayumo si kawaida.

Kama nimekukwaza nisamehe. Nadhani ni habari ya kufutwa kuta, na hilo sikulaumu. Lakini usinyamaze, Baba. Ukinikaripia nitalala vizuri zaidi kuliko hivi.

Mwanao


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo mwilini. Hukunikwaza, mimi ndiye nimejikwaa.

Miaka tisa iliyopita wakala alinipa sampuli moja tu, stika isiyo na maandishi. Ilikuwa stika ya plastiki angavu ya kubandikwa kwenye kioo kwa ndani, zile ambazo picha iko upande wa gundi ili aliye nje aione. Mimi ni mtu wa ukuta, vioo sivijui. Niliibandika kwenye ubao wangu nikaitazama kwa mgongo. Duara halina kushoto wala kulia, lakini punje inavyo vyote viwili. Nilichora maduka kumi na tisa hivyo. Nikiwa juu ya ngazi duka la ishirini, mwenye duka akaninyooshea simu yake anionyeshe jinsi anavyolipwa, nami nikaiona nembo yenyewe. Jasho lilinitoka mpaka likaingia kwenye kopo la rangi. Nikatazama ukuta, nikatazama simu, nikamalizia punje upande ule ule. Ningegeuza pale, kila mtu angeona kumi na tisa za nyuma zina kasoro. Zilizofuata zote nimezilaza kushoto kwa makusudi. Wakala alikuja kukagua akiwa juu ya pikipiki, hakuzima hata injini, akasema safi.

Mama yako alijua tangu mwaka wa pili. Hajawahi kusema neno, ila tukipita mbele ya duka anainamisha kichwa kidogo upande wa kulia, na mimi najifanya sioni.

Unajua mimi ni nani hapa. Nusu ya mafundi wa mji huu nimewafundisha, na kila mmoja nimempiga vidole kwa mpini wa brashi akikosea herufi, wewe ukiwemo. Jina la Fundi Hakosei ndilo bango langu, sina jingine. Sasa umeniuliza swali kwa adabu, nami nimeshindwa kukudanganya, nikaona bora ninyamaze. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na karatasi arobaini na tatu, tena zilizokusanywa kwa mbinu yangu mwenyewe.

Naona aibu mbele yako kuliko mbele ya mtu yeyote.

Baba yako


Tarehe 9 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisini. Nilicheka hapo kwenye jasho, kisha nikalia, mlinzi wa getini akaniletea maji bila kuuliza kitu.

Usiwe na wasiwasi tena. Nimeziondoa karatasi zote arobaini na sita za mji wetu. Ripoti sasa inasema tuliuliza miji sita, na meneja ana mambo mengi, hatahesabu. Nembo mpya italala kulia kama ya zamani, kuta zitapakwa nyeupe, na hakuna atakayejua. Hakosei utabaki kuwa Hakosei. Wewe umenibeba mabegani miaka mingi, acha nami nikubebe hili moja.

Kitindamimba wako anayekupenda


Tarehe 15 Mei

Mwanangu,

Marahaba, ingawa leo sina hamu ya salamu.

Umetupa watu arobaini na sita ili umfiche mmoja. Warudishe.

Nani alikufundisha kupaka rangi juu ya kutu? Mimi nilipaka mara moja, na umeona ilivyochipuka. Hukufikiria watu wa huku. Muuza dawa, fundi cherehani, yule mama wa vitunguu, wote hawa nembo wanayoiamini ni ile ya ukutani kwangu. Siku moja waamke wakute plastiki imelala upande wasioujua, watadhani matapeli wamefika, watakimbilia foleni, na wewe ndiye utakayeulizwa kwa nini hukujua. Utasema nini? Kwamba ulijua?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nina kuta sitini na moja za kujenga kwa sababu sikuziba wa kwanza. Jina langu niachie mwenyewe. Mwambie meneja wako ukweli, tena usiseme "fundi mmoja". Sema baba yangu.

Nimekasirika kwa sababu nakupenda. Mama yako amesoma barua hii na kwa mara ya kwanza mwaka huu anasema niko sahihi.

Baba yako


Tarehe 11 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Mimi sijambo, sasa naweza kusema hivyo bila kudanganya.

Nilizirudisha. Niliingia ofisini kwa meneja na karatasi zote arobaini na sita, nikazipanga mezani kwake kando ya chai yake, nikamweleza habari ya stika. Neno "baba yangu" nililisema mara mbili. Nikamwambia pia kwamba nilizificha.

"Kuta ngapi?" akauliza.

"Sitini na moja."

"Kwa miaka tisa? Na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba nembo imegeuka?"

"Hakuna."

Akachukua karatasi moja ya kwetu na moja ya mji mwingine, akaziweka bega kwa bega. "Kwa hilo la kuficha, tutazungumza wewe na mimi," akasema. "Lakini hili la baba yako, katufanyia jaribio la miaka tisa bure, na hatukujua tunalihitaji."

Nilirudi mezani kwangu nikakumbuka kanuni yako. Wanachokikumbuka wote, usikiguse. Wote wamekumbuka duara na punje. Upande wa kulala, kila watu na wao. Basi nikaisimamisha, Baba. Punje imesimama wima katikati ya duara, haijalalia upande wa mtu. Vivuli nimevifuta, vinyota nimevifuta, imebaki rangi mbili tu. Tumeijaribu katika miji yote saba kwa kuibandika kimya kimya kwenye kaunta. Watu walilipa wakaondoka. Watu wa kulia waliona ya kwao, na wa kwetu waliona ya kwao.

Kwa kuwa ni rangi mbili, nimemwonyesha meneja kwamba fundi mwenye uzi na msumari wa kupimia duara, na makopo mawili, anaichora asubuhi moja. Amekubali kuta zilizochorwa kwa mkono zisipakwe nyeupe, ila mafundi wainyooshe punje. Hilo nimelipigania kwa meno.

Lakini kuna gharama yake. Wakala wa mji wetu ameandikiwa barua inayoeleza kila kitu, na nilishindwa kuizuia. Unamjua mdomo wake. Mji mzima utajua, na mimi siko hapo nisimame karibu nawe. Nisamehe.

Mimi nimeonywa kwa maandishi, na kazi bado ninayo.

Kitindamimba wako


Tarehe 30 Agosti

Kitindamimba wangu,

Marahaba mara nyingi. Sisi wazima. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa juu ya ngazi.

Wakala alitangaza, tena akatia chumvi. Siku ya ukuta wa kwanza, pale duka la dawa, nilikuta mafundi wote niliowafundisha wananingojea, wengine wamekuja na viti vyao. Walitaka kuona nitapandaje. Nilipiga moyo konde nikapanda, nikageuka nikawaambia kutoka juu: punje hii niliichora kinyume, nikajua, nikanyamaza miaka tisa. Yule niliyempiga vidole kuliko wote, mwenye karakana ya mabango kule sokoni, akasema, "Fundi, shuka basi tukupige na wewe." Walicheka mpaka mwenye duka akatoka nje. Nami nilicheka, nikashikilia ngazi kwa mikono miwili. Sikujua kwamba jambo lililoninyima usingizi miaka yote hiyo lingekwisha kwa kicheko.

Nikainyoosha punje. Nilipomaliza, mama wa vitunguu akavuka barabara, akasimama, akatazama sana. Huyu ndiye niliyemhofia. Nikamwuliza anaonaje. Akasema, "Ni ile ile. Ila leo imeamka." Akaniuliza kama nitashuka ninunue vitunguu au nimehamia huko juu.

Kuta arobaini na tisa zimekwisha, zimebaki kumi na mbili. Mama yako hainamishi kichwa tena tukipita, na shingo yake anasema imepona.

Nikuambie neno moja la kweli, kwa sababu kwenye simu sitaliweza. Ulipokwenda kwenye kompyuta niliona umeniacha na kazi yangu, ingawa sikusema. Nilikuwa nimekosea hapo pia. Siku ile pale dukani, nikiwa nasafisha brashi, mmoja wa mafundi vijana aliniuliza nani aliyeligundua kosa la Fundi Hakosei. Nikamwambia ni mwanangu wa mwisho, nimemfundisha mwenyewe. Nililisema kwa sauti kubwa, mwanangu, mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka, na sikuona aibu hata kidogo.

Baba yako,
ambaye mji mzima sasa unamwita Fundi Kushoto