Maneno Matano ya Zoila

Jumapili, 5 Februari 2023. Los Angeles

Leo natimiza miaka arobaini na miwili nje ya Chalatenango, kwetu milimani. Nilitoka na viatu vya ualimu na kitabu kimoja, nikidhani ni miezi mitatu tu, mpaka vita viishe. Sasa nina miaka sabini na sita, na tiketi za Aprili tumeshakata, mimi na mke wangu Zoila. Za kwenda tu, bila kurudi. Shemeji ameshaezeka nyumba ya kina Zoila kule.

Baada ya misa Dalila, muuguzi wa zahanati, alitundika mabango ukumbini: dalili za ugonjwa wa kusahau. Akasema si uzee tu, tusingoje. Mzee mwenzetu Don Toribio akamdakia — yeye mke wake wa kwanza amemsahau kwa makusudi, je, hiyo nayo ni dalili? Kicheko! Zoila alicheka kuliko wote.

"Cheka, Don Toribio," Dalila alisema, "lakini karatasi chukua."

Akaniomba nisome tangazo redioni, kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Nikakubali. Sauti bado ninayo.

Alhamisi, 9 Februari

Nimesoma. Mara tatu, mpaka fundi mitambo akaridhika. "Usiseme ni mambo ya umri. Mpeleke mapema."

Jioni Zoila alitupikia pupusa, chapati zetu za mahindi za kujaza maharage na jibini. Anazipika tangu ana miaka saba; mikono yake hujua yenyewe. Nikamega ya kwanza — unga mtupu. Ya pili vilevile. Maharage hamna, jibini hamna. Bakuli la maharage lilikuwa palepale jikoni, limefunikwa kitambaa. Binti yetu Yanira alinitazama, akaendelea kutafuna. Mume wake akasema, tamu sana, Mama. Tulizila zote. Kwetu mama haaibishwi mezani.

Nilikula nne.

Jumatatu, 13 Februari

Nimempigia Dalila bila kumwambia mtu. Amenipa Ijumaa ya tarehe tatu Machi, saa nne asubuhi.

Nilipomweleza Yanira alisema ugonjwa ukishatajwa jina hauhami tena. Na wakiuandika kwenye faili, nani atamwacha Mama apande ndege? Miaka yote hii anaililia nyumba yao — na sasa imebaki miezi miwili!

Jumamosi, 18 Februari

Yanira amekuja na kadi. Mama wa rafiki yake wa kazini alipimwa mwaka jana, na rafiki amemwandikia maswali yote. Maneno matano ya kukumbuka. Saa ya kuchora, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Tarehe, mji, ghorofa. Amezibandika kwenye friji, kama tulivyofanya mwaka tisini na nane kwa mtihani wa uraia. Yale yalikuwa maswali mia, na Zoila hakukosa hata moja. Afisa alisimama kumpa mkono.

Nilisema huu si mtihani.

"Baba, ofisi za watu hawa zimewahi kutuita bila mtihani?"

Nikachonga penseli.

Na Zoila mwenyewe alifurahi! Akakaa mezani, penseli mkononi. Limau, sindano, kengele, daraja, nyekundu. "Mzee wangu, niulize tena." Nikamuuliza tena. Saa yake ya kwanza ilikuwa na namba zote upande mmoja, kama watu waliokimbilia ukutani. Nikamshika mkono, tukaichora pamoja. Mara nane. Sikuwahi kumfundisha mtoto yeyote kwa bidii hiyo. Mungu anisamehe — nilifurahia.

Jumatano ya Majivu, 22 Februari

Zoila alipakwa majivu, akaenda mwisho wa foleni, akapakwa tena. Padri alisita kidogo tu. Nyuma yangu mtu akanong'ona: ona uchaji ule!

Mchana akaenda dukani peke yake. Amerudi na limau moja na kasha la sindano, kakasirika. Kengele, kasema, wameishiwa. Na alipouliza daraja, muuzaji alimcheka usoni. "Siku hizi hawana adabu, mzee wangu."

Nilimpigia Yanira. Alicheka kwanza. Halafu nikamsikia analia. "Lakini maneno ameyashika, Baba. Ameyashika."

Ijumaa, 3 Machi. Kwenye benchi la zahanati

Amefaulu.

Maneno yote matano, kwa mpangilio. Saa safi kama ya dukani. Daktari ni mtu wa haraka, ila Kihispania chake kizuri. "Bibi, kumbukumbu yako inaishinda yangu. Tuonane mwakani." Zoila akasimama wima, akampa mkono.

"Na kiapo ni lini, bwana?" akauliza. "Cha uraia."

Daktari akadhani ni utani, akacheka. Yanira akacheka. Na mimi nikacheka.

Dalila, aliyesimama mlangoni na mafaili, hakucheka. Akanigeukia mimi. "Don Nicandro, na nyumbani yukoje?"

Yanira akanikanyaga mguu. Zoila alikuwa ananitazama, uso unang'aa, anangoja nimsifu.

"Mzima tu," nikasema. "Mambo ya umri." Kwa sauti ileile ya redioni.

Yanira na Zoila wameshuka kwenda garini. Nimewaambia naenda msalani, nikakaa hapa. Nikinyamaza, Aprili tunapanda ndege, na kule mlimani hakuna wa kumpima wala wa kumtibu. Atapotea kwenye njia za alikozaliwa, nasi tutasema ni uzee. Nikisema, nampokonya ushindi wake na nyumba yake, vyote siku moja. Na Yanira hatanisamehe.

Dalila alipita na mafaili yake. Nikamwambia: majibu yale tulimfundisha sisi. Wiki mbili. Mimi ndiye niliyemshika mkono.

Aliyaweka mafaili chini. "Ngoja hapohapo, Don. Usiondoke." Amekwenda kumfuata daktari kabla hajaita mgonjwa mwingine.

Simu inaita. Yanira. Imekatika. Inaita tena.

Mlango unafunguliwa. Chalatenango sitarudi.