Ruhusa ya Kupita

Kibra, Jumapili

Habuba, bibi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shangazi. Ananilisha mikate ya gurusa ya moto na chai kila asubuhi, maana Kibra ni baridi kushinda kwetu Kisumu.

Jana yalikuwa mashindano ya mbio za wanawake wa nchi nzima. Katika mchujo wa asubuhi niliharibu. Mbele yangu alikimbia mwalimu mmoja, mtu mzima, nami nikakumbuka ulivyonifunza nisimpite mkubwa bila kumwomba. Nikabaki nyuma yake hadi mwisho, nikawa wa tatu, wa mwisho kuchaguliwa kwa fainali. Shangazi alinigombeza: "We mtoto, si umwombe kabla ya mbio!"

Basi mchana niliwaendea wakubwa wote mmoja mmoja pale mstarini. "Samahani dada, naomba kupita." Walicheka sana. "Pita, ukiweza!" akasema yule mwalimu. Lakini mmoja, mama wa watoto wawili, alichelewa kufika, na filimbi ikalia kabla sijamwomba. Niliwapita wote, Habuba, isipokuwa yeye.

Nilipomweleza baadaye, alinikumbatia huku akicheka. "Mwaka ujao pita, mwanangu. Nimekuruhusu kuanzia leo."

Kwa hiyo mimi ni wa pili, na nimefurahi. Tafadhali niombee mwaka mmoja wa miguu mizima, nami nakuombea magoti yako yasiume.

Mjukuu wako,
Zena