Kitambaa yako, Mama, na mashini yenye kukataa kuamka

Beni, Ruwenzori

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia na mikono mbili. Mugongo inasema nini? Baridi ya Masereka inakuacha ulale? Na Masika wangu, anatembea sasa, ama angali anashikilia pagne yako ya kiunoni? Umwambie mama yake anamusikia hata akikohoa. Mimi niko muzima. Baba Masika angali Kisangani, njia imefungwa na vita, mais mufanyabiashara mumoja alimuona na macho yake: anatembea, anakula. Donc tumushukuru Mungu.

Sasa habari ya kazi. Unajua ile secrétariat ya Papa Kambale, tunapiga barua za batu wenye kutafuta ruhusa ya kupita barrière ya basoda, wale wenye bunduki ku njia. Kuko ordinateur moja tu, kompyuta ya zamani, na ilianza kunitesa. Unawasha, inaguna, inaonyesha picha ya mwanzo, kisha kimya. Inasimama pale pale. Unagonga vibonye vya clavier, hapana. Unazima, unawasha tena, hapana. Na batu wamejaa ku mulango na mizigo ku kichwa, wananiangalia kama vile mimi ndiye barrière.

Papa Kambale akaniambia: "Mama Masika, nakupenda kama mutoto wangu, mais juma hii ikiisha na hii kitu haiamke, ninafunga. Utarudi kwenu kulima viazi."

Mama, viazi haviniogopeshe. Mais nilishapata kachumba, na nilishamuomba Papa Kambale Masika akuje kukaa na mimi mule bureau saa ya kazi, angali hajajibu. Kazi hii ikiisha, nitaenda kutafuta ingine mbali zaidi; nikasikia kama vile wananinyanganya mutoto mara ya pili, kisha ile siku nilimuacha kwako.

Papa Kambale akaita mwalimu Ilunga, mutu wa Katanga, anajua mashini. Akifika, mimi kwa heshima naondoa ile kitambaa uliyonishonea, yenye kufunika sanduku ya ordinateur, namufutia kiti. Anawasha. Inaamka muzuri! "Mbona iko muzima?" Anakunywa chai, anaenda. Narudisha kitambaa yangu, kesho inagoma. Anarudi, inaamka.

"Hii mashini inaogopa fimbo ya mwalimu," Papa Kambale akasema. Bote wakacheka. Na mimi nilicheka, machozi karibu.

Juma inaelekea kuisha, mvua ikaingia ku dirisha, kitambaa ikalowana, nikaianika inje. Nikawasha ordinateur hivi hivi, uchi. Ikaamka! Asubuhi yote nilipiga barua. Saa ya kula nikazima, nikaifunika tena, maana ilishakauka. Kurudi, kuwasha: kimya.

Nikawaza: na kitambaa inagoma, bila kitambaa inaamka. Kisha nikainua kitambaa pole pole, nikachungulia. Ile mashini ilipoteza ubavu wake moja tangu zamani, tumbo iko wazi, ndiyo sababu nilikuwa naifunika, vumbi ya Beni haina huruma. Ndani kuko kapanga kadogo ka feni kenye kuzunguka, kanaipulizia baridi. Mama, zile nyuzi nzuri ulisokota pembeni zilikuwa zimekakamata shingo! Mashini ilikuwa inazimia na joto.

Nikakata nyuzi, kapanga kakazunguka. Nikazima, nikawasha, mara na mara. Kila mara inaamka.

Mwalimu Ilunga aliposikia, alicheka mpaka akashika ukuta. "Ninyi batu ya Masereka! Hata ordinateur munaivalisha pullover!"

"Mwalimu, kwetu kitu ya bei haikae uchi," nikamujibu.

Papa Kambale akapiga meza. "Basi, uivue. Na umulete mutoto."

Umesikia, Mama? Umulete mutoto. Nilimuomba arudilie, akarudilia.

Mwenye kukuletea hii barua ni Maman Kahindo, anauzisha poireaux, bile bitunguu bya majani marefu, huku Beni. Ni yeye anajua njia ikitulia. Akisema leo inapitika, umufungie Masika ku mugongo yake, umuvalishe soksi. Na wewe usilie sana, utakuja kutuona.

Unisalimie kaka yangu mukubwa na bibi yake, shangazi wa ku mulima mwenye kusema sana, na jirani yetu mwenye kukutekea maji. Wasingya, Mama, aksanti kwa kunilelea Masika.

Juu ya kitambaa, usihuzunike. Nimeiosha, nimeitandika ku kitanda yangu, upande wa ukuta, kule Masika atalala. Yeye hana kapanga. Yeye anapenda joto.

Mutoto wako mwenye kukungojea,
Kavira, Mama Masika