Mkwe Wangu Kwenye Tope la Dembo

Bel-Air, Kampemba,
Lubumbashi.
20 Februari 2025

Mpendwa Yaya Léonie,

Hujambo, dada yangu? Goti linasemaje na mvua hizi? Shemeji Aaron amepona macho, au bado anawasalimia watu wasiomjua? Natumaini hapo Kitwe mnakula na kulala vizuri. Sisi huku ni wazima wa mwili. Wa moyo, sitakudanganya, bado.

Barua hii nimempa Chisanga, yule wa vitambaa anayevuka mpaka wa Kasumbalesa. Simu nimeiogopa. Ningeanza kusema ningelia, na wewe ungecheka kwanza kabla ya kunionea huruma, nakujua.

Unajua mimi na Mwenze, mume wa Delphine wangu, tunavyoishi tangu amwoe: kwa heshima ya ukwe, kama wazee wetu wa kaskazini walivyotufundisha. Haniangalii, simwangalii. Akinikuta barabarani anatoka njiani, anapita kando. Akija nyumbani anakohoa nje ya ukuta, nami naingia jikoni. Hatujawahi kula pamoja wala kupeana mkono. Vijana wa mjini wanatucheka, lakini nilikuwa najivunia. Ni nani tena hapa Bel-Air mwenye mkwe wa namna hiyo?

Basi Jumapili jumuiya yetu ya parokia ilipanga matembezi kwenye hifadhi moja ya msitu na maji, nje ya mji. Tuliambiwa ni matembezi mepesi, hata mwenye fimbo anafika. Ilikuwa kweli. Ungependa, Yaya! Njia ni tambarare, miti imejaa majani, chini uyoga umechomoza mkubwa mkubwa. Niliinama nichume, Keren, msichana anayeongoza wageni pale, akanikataza. Nilinuna kidogo, kisha nikasahau, maana msitu uliisha ghafla na dembo likafunguka mbele yetu, lile bonde la majimaji, lote kijani, na ndege weupe wamesimama ndani yake. Juu yake wamepitisha njia ya mbao, nyembamba, ya kupita mtu mmoja mmoja.

« Ba mama, musikanyage kando, » Keren alituambia. « Ile haiko udongo, iko maji. »

Wanaume walikuwa wametangulia upande wa pili. Nilidhani nimejipanga vizuri: wao kule, sisi huku, mkwe wangu na mimi hatukutani. Sikujua kwamba njia yenyewe ni moja, inazunguka tu. Katikati ya dembo nikaviona viatu vya Mwenze mbele yangu. Nyuma yake wanaume, nyuma yangu wanawake. Hapakuwa na pa kugeukia.

Alifanya anachofanya siku zote. Alitoka njiani. Alikanyaga zile nyasi kama mtu anayeshuka kibarazani, na nyasi zikammeza.

Kiunoni kwanza. Halafu kifuani, na mimi bado nimesimama na mkoba wangu, nimeganda! Wanaume walikimbilia kumshika, ubao ukapasuka chini ya yule wa mbele, wote wakarudi nyuma. Nilibaki mimi niliye karibu. Nikalala kifudifudi juu ya mbao na kikwembe changu kipya, kile kitenge cha kina mama wa parokia, nikamnyooshea mkono. Na yeye, Yaya, akaficha mikono yake! Mtu anazama, anaficha mikono!

« Hapana, mama! Musiniguse! Iko bukwe! »

Sijawahi kushtuka hivyo tangu nizaliwe. Hata siku Baba Delphine alipofariki nilikuwa nimeiona ikija. Huyu alikuwa tayari kufa mbele ya macho yangu kwa adabu. Nilimpigia kelele, mimi ambaye sijawahi kumwambia hata neno moja:

« Bukwe gani mu matope? Leta mukono! »

Hakuuleta. Nikamkamata kwa kola ya shati, kisha kwapani, Keren na wenzangu wakinivuta miguu. Alipotoka tuliangukiana juu ya mbao, kifua kwa kifua, kichwa chake shingoni mwangu, tope kila mahali. Moyo wake ulikuwa unapiga sana.

Hapo ndipo nilipouona uso wake. Miaka yote hii nilikuwa namjua kwa kikohozi na kwa viatu. Nilimwoza Delphine kwa kijana, Yaya, na mtu niliyemtoa majini ana mvi kwenye ndevu. Ana kovu juu ya jicho. Amezeeka nyumbani kwa mwanangu na sikuwa na habari. Hilo limeniuma kuliko tope lote.

Sasa sikia balaa lenyewe. Tangu Jumapili Mwenze hajarudi kwa mkewe. Yuko Kamalondo kwa kaka yake Anaclet, anasema mwanaume aliyekumbatiana na mama mkwe hawezi kulala na binti wa mama huyo mpaka jambo litengenezwe. Delphine analia, watoto wanamwuliza baba yuko wapi, nami najiona ndiye niliyevunja nyumba ya mwanangu kwa mikono hii.

Jana Anaclet alikuja kwangu, akakaa, akakataa hata chai. « Mbuzi inaweza funga, ao inaweza fungula, » alisema. « Ni ba mama njo bataamua. » Yaani tukimchinja ili kufunga, mguso unasafishwa, tunarudi kufichana kama zamani. Tukimchinja ili kufungua, ukwe wa kufichana umekwisha mpaka nife.

Wewe ndiye mkubwa wetu uliyebaki, neno ni lako. Lakini nikuambie wazi ninachotaka: nataka kufungua. Najua Mama angenishangaa. Nami najishangaa. Ila nimemshika mtu yule akitapika maji ya dembo, siwezi tena kukimbilia jikoni nikisikia anakohoa.

Hapa kwetu Lydie wa jirani anakusalimia, Delphine anakusalimia, na watoto wake wanaomba njugu zile za Kitwe.

Nilikuwa nimefika kwenye salamu hizi mlango ulipogongwa. Ulipogongwa, Yaya, bila kikohozi. Nikafungua. Mwenze amesimama, Delphine nyuma yake kajifunika mdomo. Hakuinamisha macho; hakungoja mbuzi wala jibu lako. Akaingia, akaketi mezani, akaona kalamu mkononi mwangu, akauliza naandikia nani, nikamwambia.

« Basi mumusalimie, mama. Mumuambie niko muzima. »

Kwa hiyo Mwenze anakusalimia. Ni mzima. Ameniambia mwenyewe.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akupe usingizi ambao mimi wiki hii sikuupata.

Mdogo wako akupendaye, aliyekaa mezani na mkwe wake,
Victorine